Gumba na Shahada: Gitaa la Katanga Katika Santuri

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville wa Katanga, Kongo, ambao leo waitwa Likasi, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kunasia sauti, alimkuta kijana mzaliwa wa Bunkeya akipiga gitaa peke yake. Na santuri zilizotokana na mkutano huo, ambazo kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilizitoa, zilimfanya Jean-Bosco Mwenda awe maarufu hata Nairobi.

Ng'ambo, gitaa lilikuwa limekwisha kujipatia heshima katika jazi kwa kufuatana na fidla. Joe Venuti na Eddie Lang walitia santuri New York mwaka 1926; nao Stéphane Grappelli na Django Reinhardt, ambaye moto ulimlemaza vidole viwili vya mkono wa kushoto, waliunda kikundi chao Paris mwaka 1934, na humo Django alipopiga wimbo, magitaa mawili mengine na besi vilishika mwendo. Bosco hakuwa na wa kumshikia mwendo: gumba lake liliziendesha nyuzi nene, na kidole cha shahada kikaimba juu ya nyuzi nyembamba, kila kimoja kikishika mapigo yake, hata asiyemwona akadhani ni wapigaji wawili.

Ufundi huo una asili yake. Tangu reli ilipofika Bukama mwaka 1918, vijana Baluba wa Malemba-Nkulu na vijiji vya kandokando ya Lualaba walipanda meli mpaka Bukama, na kutoka huko wakashika treni kwenda migodi ya Union Minière, wakaishi makambini pamoja na watu wa Kasai, wa Ruanda na wa Rhodesia ya Kaskazini, ilhali lugha iliyowaunganisha wote ni Kiswahili. Likembe pia ilisafiri nao, nayo ni ala ipigwayo kwa vidole gumba. Na wataalamu wengi huona kuwa gitaa la Katanga lilirithi kwa likembe namna ya kusukana sauti mbili katika mikono ya mtu mmoja.

Edouard Masengo, jamaa yake Bosco, na Losta Abelo waliendeleza mtindo huo, na Masengo aliupeleka Nairobi, ambako wapigaji waliujifunza kwa kuziwekea sikio santuri. Bosco mwenyewe alipiga katika tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, akafariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Mtaalamu David Rycroft, aliyeichambua milio ya Bosco mwanzoni mwa miaka ya 1960, alidhihirisha jinsi alivyokuwa akibuni wakati akipiga; kwa hiyo "Masanga", wimbo wake uliosifika kuliko zote, haufai kusikilizwa kama maandiko yaliyokamilika, bali kama pigo moja miongoni mwa mengi aliyoweza kuyapiga kwa vidole vile viwili.