Kujaza na Kumwaga: Beseni la Ndege katika Mji wa Reli wa Kamina

Kamina ni mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliokuzwa na reli, na reli ya enzi zile ilihitaji maji kuliko ilivyohitaji kitu kingine chochote isipokuwa moto. Reli ya Katanga ilifika Bukama mwaka 1918. Kampuni ya BCK ikaiendeleza kutoka hapo kuelekea kaskazini-magharibi, na mwaka 1928 njia ikafunguliwa hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Kamina iko kwenye njia hiyo, juu ya nyanda za miombo ambako Mto Lomami unaanzia, mbali na Lualaba na maziwa yake. Katika miaka ya 1950 iliongezwa reli ya kwenda Kabalo, na Kamina ikawa njia panda. Injini ya mvuke haiwezi kukaa kituoni ikisubiri mtu achote maji kisimani, kwa hiyo popote ilipopita reli ya namna hii palijengwa tangi juu ya nguzo, bomba nene la kuijazia injini, na ndani ya tangi boya linalopanda na kushuka. Maji yakipungua boya linashuka na kufungua njia, yakijaa linapanda na kuifunga. Jambo ninalotaka kulieleza hapa linahusu chombo kidogo sana kikilinganishwa na tangi la reli, yaani beseni la ndege la bustanini linalojisafisha lenyewe, lakini siwezi kulieleza bila tangi hilo. Reli ilileta ufundi wa kujaza. Beseni la ndege linahitaji ufundi wa kumwaga, ambao una historia yake tofauti, na wengi wanaojaribu kutengeneza chombo hiki hukosea kwa sababu huanza na boya na kuishia hapo hapo.

Kosa hilo lina umri mrefu. Katika Baghdad ya karne ya 9, ndugu watatu wanaojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu cha mitambo ya werevu, na miongoni mwa mitambo hiyo yamo mabeseni yanayorudishia maji yenyewe kila mtu au mnyama anapoyapunguza. Kwa kipimo cha werevu, hakuna anayeweza kuwadharau. Lakini tazama kilichokuwa kikisifiwa: maji hayaishi. Mtu anayeishi katika nchi kavu huona beseni lililojaa daima kama neema, na tangi la reli lilirithi fikra hiyo hiyo, kwa haki kabisa, kwani tangi tupu lilimaanisha treni iliyokwama. Ndipo mtu wa leo anaponunua vali ya boya sokoni, akaiunganisha na pipa na sinia la saruji chini ya mwembe, akaamini kwamba amemaliza kazi. Ndege watakuja kweli. Baada ya juma moja maji yatakuwa yamejaa kama siku ya kwanza, ila ukingoni utaona utando wa kijani, chini yake tope jepesi la vinyesi na manyoya, na ukiinama uangalie dhidi ya mwanga utaona viluwiluwi wa mbu wakijinyonganyonga kuelekea juu kuvuta hewa. Boya limefanya kazi yake bila dosari, na kwa kufanya hivyo limewahakikishia mbu maji yasiyokauka.

Tuwatazame ndege wenyewe, maana hoja yote inategemea namna wanavyokunywa. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vijito vidogo vya nyanda hizi hupungua sana, na wanaoteseka zaidi ni ndege wanaokula mbegu: njiwa, tetere, chiriku, kwera. Anayekula wadudu au matunda hupata unyevu ndani ya chakula chake, lakini mbegu kavu haina cha kumpa. Njiwa na tetere huingiza mdomo majini na kufyonza moja kwa moja bila kuinua kichwa, tofauti na ndege wengi wanaochota na kuinamisha kichwa nyuma. Katika koo lao huishi kimelea kinachoitwa Trichomonas gallinae, ambacho huziba njia ya chakula kwa uvimbe wa rangi ya njano hadi ndege afe kwa njaa. Kimelea hiki hupita kutoka ndege mmoja hadi mwingine kwa maji waliyoyatumia pamoja. Hata hivyo kina udhaifu mmoja mkubwa: hakivumilii ukavu. Mbu naye ana udhaifu wa aina hiyo hiyo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka hupita takriban juma moja hadi mawili kulingana na joto, na tangu yai linapoanguliwa hadi anaporuka lazima awe ndani ya maji. Kwa hiyo beseni linalokauka mara moja kwa siku huwashinda maadui wote wawili kwa pamoja, na lile ambalo maji hutiririka kidogo kidogo bila kuisha, hata yawe yanang'aa kiasi gani, halimshindi yeyote kwa uhakika.

Ufundi wa kumwaga ulipevuka katika karne ya 19, na ulipevuka ndani ya mifereji ya maji machafu. Mwingereza Rogers Field alitengeneza tangi linalojaa polepole na kujimwaga ghafla kwa nguvu ya sifoni, yaani bomba linalopandisha maji juu ya ukingo kisha kuyashusha nje. Kanuni ya sifoni yenyewe ilijulikana tangu kale. Ugumu ulikuwa mahali ambapo anayetengeneza beseni Kamina leo atakutana napo pia: maji yakiingia kwa matone, yakifika kwenye kilele cha sifoni hutambaa ukutani mwa bomba na kudondoka kimya kimya, na sifoni haiamki kamwe. Tangi hubaki limejaa, linavuja tu. Field aliweka bomba la wima ndani ya kengele iliyofunikwa, na mdomoni mwa bomba akatengeneza ukingo unaoyatupa maji mbali na ukuta, yaanguke katikati ya bomba. Matone yanayoanguka hivyo huburuta hewa na kuishusha nayo, hewa ndani ya kengele hupungua, na ghafla tangi lote huvutwa chini kwa mkupuo mmoja. Hakuna kinachozunguka wala kinachohitaji nguvu nyingine zaidi ya uzito wa maji. Mji wa Memphis, Marekani, uliopoteza watu zaidi ya 5,000 kwa homa ya manjano mwaka 1878, ulijenga mfumo wa mifereji kuanzia 1880 chini ya mhandisi George Waring, na mwanzoni mwa kila mfereji likawekwa tangi la Field la kuusukuma uchafu mara moja kwa siku.

Waliojenga mifereji ya Memphis waliamini kwamba ugonjwa unatokana na harufu ya uozo. Walikuwa wamekosea sababu. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na mwaka 1900 tume ya daktari wa jeshi la Marekani Walter Reed huko Havana ikathibitisha lile alilokuwa amelitamka daktari wa Kikuba Carlos Finlay tangu 1881, kwamba homa ya manjano nayo huenezwa na mbu. Mtu anaweza kusema kwamba ugunduzi huo unalifuta tangi la Field katika historia ya afya. Mimi naona unalipa kazi mpya. Baada ya Ross, maji yaliyosimama uani yakawa shtaka dhidi ya mwenye nyumba, na katika miji ya kikoloni ya Afrika wakaguzi wa usafi walipita wakipindua makopo na kufukia madimbwi. Kazi waliyoifanya kwa mikono, ya kuhakikisha maji madogo hayadumu, ndiyo sifoni ya Field huifanya yenyewe kila siku bila kukumbushwa.

Hapa linakuja pingamizi zito: ufagio na mkono havishindwi na mtambo wowote. Mtungi wa maji ya kunywa, tangu zamani, humwagwa mabaki, husuguliwa na kusuuzwa kabla ya kutiwa maji mapya, na hakuna aliyehitaji sifoni. Nakubali nusu yake. Ujuzi wa vyombo vya maji katika eneo hili ni mkongwe kupita reli kwa mbali: kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale tangu 1957 wamefukua makaburi yenye vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, vingine vikiwa na mishikio na midomo ya kumiminia, kazi ya watu walioishi pale kati ya karne ya 8 na ya 13. Mdomo wa kumiminia ni ushahidi kwamba mfinyanzi aliwaza jinsi maji yatakavyotoka, na hakuishia katika jinsi yatakavyokaa. Lakini usafi wa mkono una mtu nyuma yake. Katika nyumba za Wabelgiji wa enzi ya ukoloni mtu huyo aliitwa boi. Bustani zao zilikaa safi kwa sababu jasho la mwingine halikuhesabiwa kuwa gharama. Katika lupango la leo, yaani ua wa nyumba, anayebebeshwa kazi ya maji kwa kawaida ni mtoto au mama aliyekwisha kubeba mabidoni asubuhi. Kumwongezea kazi ya kusugua beseni la ndege kila siku ni kumdhulumu. Kama chombo hiki kina haki ya kuwepo, basi kiwepo bila kumtwika yeye mzigo mwingine.

Wengine wataelekea upande wa pili na kupendekeza pampu ndogo ya umeme yenye saa. Historia ya Kamina inaniambia nisilifuate shauri hilo. Mji huu umepewa mitambo mingi mikubwa kutoka juu: reli ya mvuke, kisha injini za dizeli na za umeme, kituo kikubwa cha kijeshi ambacho Ubelgiji ilikijenga baada ya Vita Kuu ya Pili na kukiacha baada ya uhuru wa 1960, kisha shirika la reli la SNCC. Kila mtambo uliotegemea kipuri kutoka mbali ulidhoofika pale aliyekuwa akileta kipuri alipoondoka au alipoishiwa fedha. Uzito wa maji hauagizwi kutoka Antwerp. Beseni ninalolitetea lina pipa la lita 200 juu ya matofali, likijazwa na mfereji wa paa wakati wa mvua, na kwa maji ya kumwagilia bustani wakati wa kiangazi. Pipa linateremsha mikondo miwili ya matone: mmoja kwenye beseni la upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 4, ambalo huchukua lita 5 hivi, na mwingine kwenye kidumu cha juu chenye sifoni yake. Kidumu kikijaa kinajimwaga kwa mkupuo ndani ya beseni, usawa unaruka, sifoni ya pili iliyo katikati ya beseni inaamka na kulimaliza lote pamoja na tope lake. Boya nalo halikutupwa: linakaa katika kisanduku kidogo chini ya pipa, likishikilia usawa mmoja ili kasi ya matone isipungue kadiri pipa linavyoisha.

Kuhusu maji yenyewe, swali ni la haki: kwa nini tuwape ndege wakati watu wanapanga foleni? Matone yakirekebishwa vizuri, chombo chote hutumia karibu lita 10 kwa siku, nusu ya bidoni la lita 20, na maji hayo hayapotei. Bomba la kutolea likielekezwa kwenye tuta la lengalenga au chini ya mpapai, kilichooshwa kwenye beseni kinakuwa mbolea. Tuta lile lingemwagiliwa vyovyote vile, na sasa maji yake yanapitia kwa ndege kwanza. Mboga za namna hiyo zioshwe vizuri na zipikwe, zisiliwe mbichi. Pasipo na tuta wala mti wa kumwagilia, nakubali kwamba hesabu haikai sawa, na beseni lisubiri mvua.

Mahali pa kuliweka pana uzito sawa na ufundi wake. Liwe mita chache kutoka kichakani, ili ndege apate pa kukimbilia na paka asipate pa kujificha akamrukia, na juu pasiwe na tawi wanalolalia ndege, kwa sababu vinyesi vya usiku kucha huishinda sifoni yoyote. Sakafu ya beseni iwe ya saruji iliyolainishwa kwa mwiko, na iteremke kidogo kuelekea katikati. Pakiwa na shimo la ukubwa wa kidole linalobakiza maji, kazi yote imeharibika. Na njiwa akionekana ametuna shingo, anajaribu kumeza na hawezi, beseni linafungwa maji na kuachwa juani wiki kadhaa, kwa kuwa hapo tatizo limekwisha kuwa ndani ya kundi lenyewe, na kuendelea kuwakusanya ndege mahali pamoja ni kuwaambukiza.