Kuvuka Midomo ya Mito kwa Tanga: Sabaki hadi Kipini

Anayetoka Mombasa kwenda Lamu kwa mashua ya tanga huzoea kwanza milango ya mwamba. Mtwapa na Kilifi, njia ni ile ile aliyopita babu yake: mwamba huku, mwamba kule, katikati maji ya buluu. Akishapita Malindi mambo hubadilika. Maji ya Sabaki na ya Tana yana tope na chumvi haba, na matumbawe hayastawi ndani yake. Kwa hiyo mbele ya midomo ya mito hii hakuna mwamba wa kupunguza nguvu za wimbi, na mlango wenyewe ni wa mchanga. Mlango wa mchanga huhama.

Mto ukifika baharini kasi yake hupungua, mchanga uliobeba unazama, na hapo ndipo fungu linapojijenga. Kusi husukuma fungu upande mmoja, kaskazi ikalirudisha, na mafuriko makubwa, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, huweza kuziba njia ya zamani na kufungua nyingine. Alama ulizoweka kwenye simu mwaka jana ni kumbukumbu tu. Mpigie simu mvuvi wa Kipini au wa karibu na Sabaki aliyepita wiki hii, au umpakie akuongoze. Kabla ya ndege kuja, rubani alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo.

Hatari kubwa ni maji ya kupwa. Bahari inapopwa, maji ya ghuba na ya mto hutoka kwa pamoja na kukutana uso kwa uso na wimbi linaloletwa na kusi. Wimbi hilo hufupika, husimama wima na kuvunjika juu ya fungu. Mahali palipokuwa shwari saa tatu kabla panaweza kupindua mashua. Wakati wa masika mto ukijaa, usitarajie mkondo ugeuke kwa saa za kawaida. Huenda maji yakaendelea kutoka hata bahari inapojaa.

Kwa hiyo vuka maji yakiwa bado yanajaa, katika saa moja au mbili za mwisho kabla hayajasimama. Ukikwama wakati huo, maji yanayopanda yatakuinua. Ukikwama maji yakianza kushuka, umepwelewa, na wimbi litakugonga hapo hapo kwa saa nyingi.

Siku nayo ina hesabu yake. Pwani yetu, wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Alfajiri ni giza, na jioni upepo umekwisha kuchafua bahari. Wakati wa maji mafu tofauti ni kama mita 1 tu: mkondo ni mpole, lakini juu ya fungu kina ni kidogo. Mimi napendelea siku za katikati, mwezi ukiwa wa siku 4, 5 au 6, na tena 18, 19 au 20. Siku hizo maji hujaa takriban kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kuna mwanga, na upepo wa mchana bado haujapanda. Hakikisha kwa jedwali la maji, na usome utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa.

Ukifika nje ya mlango, usiingie papo hapo. Kutoka baharini unaona migongo ya mawimbi tu, nayo hudanganya; povu liko upande wa pili. Zunguka nje kwa dakika 10 au 15 na kuhesabu, maana mawimbi makubwa huja kwa makundi. Palipo na povu jeupe kila mara pana fungu. Rangi ya maji haitakusaidia kama inavyosaidia penye matumbawe, kwani yote ni kahawia. Mtu wa omo apime kwa upondo au bildi na kutaja kina kwa sauti.

Kabla ya kuingia, kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Kuliweka chini ya magunia ni sawa na kuliacha nyumbani. Abiria wakae chini, katikati na nyuma kidogo, asisimame mtu. Nanga na kamba ziwe tayari. Ukiwa na mashine, iwashe hata kama tanga linavuta.

Ukiingia, kaa juu ya mgongo wa wimbi lililotangulia. Usilipite, na usiliache la nyuma likufikie. Likikufikia, litainua tezi, omo itachimba maji na chombo kitageuka ubavu. Kamba ndefu inayoburutwa nyuma husaidia kupunguza kasi. Usigeuze tanga ukiwa juu ya fungu. Ukishaanza, usijaribu kurudi.

Kutoka ni afadhali kwa jambo moja: unaweza kupanda ufuoni na kutazama mlango wote kabla ya kung'oa nanga. Elekeza omo kwenye wimbi. Angalia pia magogo yanayoshuka na mto, na ndani ya mdomo kuna viboko.

Kama mlango umechafuka, kaa nje. Ukienda kaskazini na kusi iko nyuma yako, Lamu iko mbele na mlango wake wa Shela una kina kikubwa kuliko Kipini. Mjulishe mtu wa nchi kavu saa unayotarajia kufika, na redio ya VHF iwe kwenye chaneli 16.