Kadi Iko Mkononi, Daktari wa Ubongo Yuko Wapi?

Vijana wenzetu, pamoja na ninyi ndugu wa mashirika, leo tunaandika juu ya swali ambalo sisi wa kujitolea tunaulizwa sana: hospitali gani ya upasuaji wa ubongo inakubali bima ya serikali hapa Kenya? Anayeuliza ni mama ambaye kichwa cha mtoto wake kinakua haraka kwa sababu maji yamejaa kwenye ubongo, ama ni ndugu wa kijana aliyeanguka na bodaboda. Jibu si rahisi, na sababu yake iko kwenye historia. Bima ilipita njia yake, madaktari wa ubongo wakapita yao, na sisi wakimbizi tukapita ya tatu.

Tuanze na bima. NHIF iliundwa mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru. Mwanzoni ilikuwa ya walioajiriwa wenye mshahara wa kuanzia Ksh 1,000 kwa mwezi. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa wanaojiunga kwa hiari, na sheria ya 1998 ikaifanya kuwa shirika la umma linalojitegemea. Kwa miaka mingi ililipia zaidi gharama za kulazwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake.

Sasa madaktari. Katika miaka ya 1950 Nairobi haikuwa na daktari wa upasuaji wa ubongo. Majeraha ya kichwa yalikuwa yakifanyiwa upasuaji na Peter Clifford, ambaye kwa kweli alikuwa daktari wa masikio, pua na koo! Mwaka 1967 akaja Mwitaliano Renato Ruberti, aliyefanya kazi upande wa hospitali binafsi na pia hospitali kuu ya serikali, hiyo tunayoiita Kenyatta leo. Baadaye Gerishom Sande, Mkenya aliyesomea Belfast, akarudi nyumbani kuifanya kazi hiyo. Miaka mingi huduma hii ilikaa Nairobi. Pole pole ikafika Hospitali ya Moi kule Eldoret, na hospitali ya misheni ya Kijabe ikajulikana kwa kutibu watoto wenye maji kichwani na wenye mgongo wazi. Lakini ukiwa Turkana au Garissa, bado ni safari ndefu.

Na sisi je? Kambi za Dadaab zilianza 1991, Kakuma 1992. Matibabu yetu yalikuwa kliniki za mashirika chini ya UNHCR, bila malipo. Ugonjwa ukizidi uwezo wa kliniki unaandikiwa rufaa, halafu unasubiri nafasi na bajeti. Kadi ya mgao haikuwa bima. Wakimbizi wa Nairobi ndio walianza kuandikishwa NHIF katika miaka ya 2010. Kisha ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, na mwaka 2025 Mpango wa Shirika, wenye lengo la kutuingiza katika huduma za taifa, afya ikiwemo.

Basi njia hizi tatu zimekutana juzi tu, ndio maana watu wanapotea. Mama mmoja wa huku kwetu alikuwa amelipa SHA ya mwaka mzima. Kiwango cha chini ni Ksh 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara analipa mwaka kwa pamoja, yaani Ksh 3,600. Kwa mtu anayeishi kwa mgao hizo si pesa ndogo. Akaenda kliniki moja ya mjini, akaambiwa bima inakubaliwa. Kumbe inakubaliwa kwa kulazwa tu, upasuaji ulipe taslimu. Akarudi kambini na mtoto mgongoni. Alipopata rufaa ya kweli mtoto aliwekewa mrija wa kupunguza maji, na leo anakaa mwenyewe. Lakini wiki kadhaa zilipotea, na maji yakikaa kichwani yanaweza kuharibu macho na akili ya mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari, piga simu na uulize haya:

1. Mna mkataba na SHA kwa upasuaji wa ubongo, au kwa kulazwa tu?
2. Daktari mwenyewe yupo siku gani?
3. Mashine ya CT inafanya kazi?
4. Nani ataomba idhini ya SHA kabla ya upasuaji?
5. Bima ina kikomo. Ikiisha, tutabaki kulipa kiasi gani?

Aliye kambini aongeze kibali cha kusafiri na barua ya rufaa, na ahakikishe jina kwenye kitambulisho cha mkimbizi linafanana na la SHA. Herufi moja ikikosewa unaweza kurudishwa kwenye dirisha la mapokezi.

Ndugu wa mashirika, ombi letu ni moja. Bandikeni kila kliniki orodha ya hospitali zinazofanya upasuaji huu kwa SHA, na mwandike tarehe iliyohakikishwa mara ya mwisho. Sisi vijana tuko tayari kupiga hizo simu kila mwezi. Mama asizunguke tena miji mitatu kutafuta jibu ambalo lingekuwa ukutani.