Kustahimili si Kuzaliwa: Magadi, Enceladus na Swali la Uhai Nje ya Dunia

Mpishi anayetaka maharage makavu yaive upesi hutia kipande cha magadi chunguni. Maganda hulainika, kwa kiasi fulani kwa sababu magadi huyanyang'anya kalisiamu inayoshikanisha kuta za seli. Akizidisha, mchuzi huwa mchungu na kuteleza kama sabuni. Kemia hiyo ya jikoni ina nafasi katika mjadala wa uhai nje ya Dunia. Makala haya yanadai kwamba mjadala huo umeelemea mno upande wa ustahimilivu, yaani viumbe gani wanaweza kuvumilia mazingira makali, ilhali swali zito zaidi ni hili: uhai unaweza kuanzia wapi?

Ushahidi wa ustahimilivu haukosekani. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kiumbe cha seli moja, *Methanopyrus kandleri*, huzaliana kwenye joto la nyuzi 122 za Selsiasi kikiwa chini ya mgandamizo mkubwa. Kwetu, Ziwa Natron na Ziwa Magadi yana maji yenye pH inayofikia 10 na zaidi, nayo hugeuka mekundu kwa wingi wa viumbe wapenda chumvi. Katika chemchemi za moto za Magadi huishi perege mdogo. Samaki wengi hutoa taka ya amonia kupitia matamvua. Katika maji ya magadi njia hiyo hukwama, naye perege huyu huigeuza taka hiyo kuwa urea. Kutokana na mifano ya aina hii, wengi huhitimisha kwamba kama uhai umeweza hapa, utaweza popote penye maji.

Hitimisho hilo linaruka hatua. Perege wa Magadi ni mhamiaji. Ukoo wake ni wa samaki wa maji baridi, naye aliingia kwenye magadi akiwa tayari na ini, matamvua na vinasaba vya kurekebisha. Bakteria nao walifika na mitambo ya kutengeneza protini waliyorithi kwa mababu. Nguvu za mhamiaji kuhimili ugeni hazithibitishi kwamba angeweza kuzaliwa ugenini. Isitoshe, hata wahamiaji wana mpaka. Huko Dallol, Ethiopia, timu moja iliripoti mwaka 2019 kwamba haikupata uhai katika madimbwi yaliyochanganya asidi kali na chumvi nyingi, ingawa wengine wamedai kuona dalili zake. Maji yapo, kinachobishaniwa ni kama yana mkaazi.

Tuutazame basi Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Chombo cha Cassini kiligundua mwaka 2005 kwamba ncha yake ya kusini hurusha mvuke na chembe za barafu kutoka bahari iliyofichika chini. Chembe hizo zina chumvi na kaboneti ya sodiamu: kwa lugha ya chunguni, ni bahari ya magadi. Mwaka 2023 uchambuzi wa takwimu za Cassini ulionyesha kwamba ina pia fosfeti, kwa kiwango kinachozidi cha bahari zetu angalau mara 100.

Hapa ndipo magadi yanapohama kutoka hoja ya ustahimilivu kwenda hoja ya asili. DNA haijengeki bila fosfeti, lakini katika maji mengi kalisiamu huikamata na kuifanya madini magumu, ya jamii ileile inayokaza mifupa na meno. Kaboneti ikiwa nyingi huiwahi kalisiamu, na fosfeti hubaki huru majini. Kwa sababu hiyo Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington wametetea maziwa ya magadi kama mahali ambapo uhai ungeweza kuanzia.

Hata hivyo ziwa lina ufuko na jua: maji hukauka, kemikali hukolea, mvua hunyesha, mzunguko huanza upya. Enceladus hauna ufuko. Kuganda kwa barafu hukoleza chumvi pia, lakini kwamba hilo linatosha kuchukua nafasi ya jua bado halijathibitishwa. Kuna pia haidrojeni iliyotangazwa mwaka 2017 kuwamo katika mvuke huo. Wengi waliifurahia kama chakula cha vijidudu. Lakini chakula kinachofurika hadi kumwagika nje kinaweza pia kumaanisha kwamba walaji ni wachache, au hawapo.

Msimamo wa makala haya, basi, ni kwamba Enceladus unakalika, na neno hilo lisibebeshwe zaidi ya hapo. Chombo kitakachorudi huko na kukuta bahari tupu hakitakuwa kimepoteza safari: kitakuwa kimetuonyesha kwamba maji, nishati na fosfeti huweza kukutana kwa muda mrefu pasipo uhai kuzaliwa, jambo ambalo Dunia, iliyojaa wahamiaji kila pembe, haiwezi kutuonyesha.