Mikro ya bei chini: historia ndogo ya sauti ya gitare, kutoka Los Angeles mpaka Kadutu

Gitare ya kwaya yetu ilinyamaza katikati ya mazoezi, Jumamosi jioni. Ampli ilikuwa inawaka, kamba ilikuwa nzima, lakini mikro ya upande wa daraja haikutoa kitu. (Kwa wale hawapigi: mikro ya gitare si ile ya kuimbia. Ni kale kasanduku kembamba chini ya nyuzi, ndani yake muna sumaku na waya mwembamba sana wa shaba.) Mjuzi mmoja wa muziki hapa mjini akatuambia tununue seti ya Kimarekani ama tuache kabisa, juu mikro ya bei chini inaharibu muziki. Seti yenyewe ilipita michango yetu ya miezi mingi.

Tukapanda Kadutu. Fundi akatoa mikro kwenye gitare iliyovunjika shingo, akaipima na mita yake, akasema: "Iyi iko mzima, weye utaona." Akalehemu nyaya mbili. Dola kumi na kazi yake. Jumapili tukaimba.

Lakini lile neno, "inaharibu muziki", halikunitoka kichwani. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma nikaona kwamba mikro ya gitare, tangu siku ya kwanza, ni kazi ya watu waliookota vitu.

Mu 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitembea karibu na waya uliozungushwa, umeme unazaliwa ndani ya ule waya. Uzi wa chuma wa gitare unafanya kazi hiyohiyo: ukitetemeka juu ya sumaku, uwanja wa sumaku unatikisika, na bobini inatoa umeme kidogo wenye umbo la ile sauti. Uzi wa nailoni hautoi kitu. Karne nzima ilipita mbele mtu hajaweka elimu ile ndani ya gitare. Aliyefaulu ni George Beauchamp, mpiga gitare wa Los Angeles, mu 1931. Hakuwa na maabara. Alizungusha waya wake nyumbani kwa mota ya mashine ya kawaida. Masimulizi mengine yanasema ya kufulia nguo, mengine yanasema cherehani. Akachukua sumaku mbili zenye umbo la kiatu cha farasi, na gitare iliyotoka ikaitwa "kikaango" juu ya umbo lake. Hati ya ugunduzi alipewa mu 1937. Sasa niambie, tofauti yake na fundi wa Kadutu ni gani, zaidi ya ile hati?

Gitare ya umeme ilifika kwetu Congo mu 1953, pale Mbelgiji Bill Alexandre alipoileta Léopoldville kwa studio ya CEFA. Mwaka uleule kijana wa miaka 15, François Luambo, aliingia studio ya Loningisa. Tunamjua kama Franco. Watu wanapenda kuanzia OK Jazz ya mu 1956, lakini mimi napenda kuanzia nyuma zaidi, sokoni Ngiri-Ngiri, fasi mama yake aliuzisha mikate ya mafuta. Mtoto alikaa karibu na meza ya mama na gitare aliyojitengenezea: mwili wa kopo, nyuzi za waya wa umeme uliochunwa. Alipiga ili wateja wasimame. Mu Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Congo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ile kopo haikutajwa sana kwenye sherehe.

Sasa niende kwa mtu ambaye kwangu ndiye mwalimu mkubwa wa habari hii. Mingiedi Mawangu, Muzombo kutoka upande wa mpaka wa Angola, alianzisha kikundi Konono N°1 mu Kinshasa miaka ya 1960. Muziki wa kwao ulipigwa kwa pembe za tembo. Yeye aliuleta kwa likembe. Lakini likembe ina sauti ya chumbani. Kinshasa ni kelele: magari, baa, watu mamilioni. Mtu akipiga likembe barabarani hata jirani hasikii. Mikro za dukani hakuwa nazo, basi akajitengenezea: sumaku kutoka vipuri vya magari mabovu, waya wa shaba, kipande cha mti. Kwa kuwa vidole vya likembe ni vya chuma, elimu ya Faraday ilikubali palepale. Spika zao zilikuwa zile za pembe za kutangazia watu, na ngoma zingine ni vyuma vya magari.

Mikro zile zilikwaruza. Mwanzoni hakuna aliyetafuta ule mkwaruzo, ulikuja wenyewe juu ya vifaa. Wapigaji wakauzoea, kisha wakaanza kuutumia, mpaka ukawa ndio sauti yao. Sahani yao Congotronics ilitoka mu 2004 na Crammed Discs ya Ubelgiji, na vijana wa Ulaya wenye studio za mamilioni wakaanza kuuliza: tunapataje sauti kama hii? Mzee Mingiedi alifariki mu 2015.

Wazungu wenyewe nao wako na hadithi za namna hii, ila wanazisimulia kwa heshima. Nathan Daniel, mwenye kampuni ya Danelectro mu Marekani, miaka ya 1950 alificha bobini zake ndani ya mirija ya rangi ya midomo. Ndiyo, ile ya kina mama. Gitare zake zilikuwa za mbao za kubandikwa, za bei chini, kwa wanafunzi. Baadaye Jimmy Page wa Led Zeppelin alipiga moja mbele ya maelfu, na leo watu wanatafuta mikro za mirija ile. Ry Cooder naye alichukua mikro ya Teisco, gitare rahisi ya Kijapani, akaiweka ndani ya Stratocaster yake. Baada ya hapo bei ya zile Teisco za kutupwa ikapanda.

Sisemi kila mikro ya bei chini ni nzuri, hapana. Zingine zinapiga filimbi ukiongeza sauti, juu waya ndani haujakaza. Fundi wetu anaizamisha mu nta ya mishumaa iliyoyeyushwa taratibu juu ya maji ya moto, na filimbi inakufa. Zingine zinanguruma pamoja na umeme wa SNEL, ama na jenereta ya jirani. Hiyo ni tabia ya bobini moja, ata ya bei kubwa, na ndiyo sababu mu 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliweka bobini mbili zinazopingana, mungurumo ukajifuta. Na ukichanganya mikro mbili za asili tofauti, ukasikia sauti nyembamba kama ya radio ndogo, usiitupe: geuza nyaya zake mbili. Kwa kupima, bobini moja ya kawaida inasoma kilo-ohm 5 mpaka 8 hivi. Mita isiposoma kitu, waya umekatika.

Haya yote nilifundishwa mu nusu saa, juu ya meza iliyojaa vipande vya radio. Na hapa njo naumia kidogo. Mu Bukavu tunaandika ma-TFC kila mwaka, mamia, na nyingi zinanakiliana: umuhimu wa hiki, tatizo la kile. Historia ya bendi na kwaya zetu, nani alitengeneza ampli zao, vifaa vilitoka wapi wakati barabara zilifungwa, iko mu vichwa vya wazee wachache. Nilimuuliza fundi alijifunzia kwa nani. Akataja mzee mmoja, marehemu. Na huyo mzee, kwa nani? "Sijue, papa. Sikumuulizaka."

Mikro yetu ya upande wa shingo nayo imeanza kukatika-katika. Jumamosi tunapanda tena Kadutu, na mara hii nitabeba daftari.