Sikio la Kufa

Wazee wetu walisema: "Sikio la kufa halisikii dawa." Walimsema mtu mkaidi asiyeonyeka. Lakini wako wazazi waishio kana kwamba methali hiyo yasimulia habari za sikio lenyewe. Mtoto anatoka usaha sikioni, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, nao husema: "Ni utoto tu, litakauka." Basi leo twapenda kuonyesha kwamba sikio lasikia dawa, tena sana, mradi dawa ifike mapema na isikatike katikati.

Tuanzie Epulu. Kijiji hiki kipo ndani ya msitu wa Ituri, kando ya mto wenye jina hilohilo, kwenye njia kuu itokayo Kisangani kwenda Mambasa na Bunia. Wageni wakijua kwa ajili ya okapi, mnyama mwenye masikio makubwa. Na kweli, msituni masikio ni mali. Jicho halifiki mbali, kwa kuwa miti yaziba. Wambuti wanapowinda kwa nyavu, wanawake na watoto huwafukuza wanyama kwa kelele, na mwenye wavu husikiliza. Mtoto asiyesikia atawafuataje wenzake? Shuleni nako ni vivyo hivyo. Mwalimu humwita mvivu, kumbe hasikii.

Katika miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Patrick Putnam, alijenga makao yake hapo Epulu. Alikuja Kongo kujifunza mila za watu, akakaa mpaka alipofariki mwaka 1953. Pamoja na nyumba ya wageni alikuwa na dispensari, na mahali pa kuwatunza wagonjwa wa ukoma. Siku zile buba pia ilikuwa nyingi katika misitu ya Kongo. Sisi huyahesabu magonjwa hayo mawili kuwa ya ngozi, lakini yote mawili huiharibu pua. Buba isipotibiwa, baada ya miaka yaweza kula mfupa wa pua na kaakaa, hata mtu akashindwa kusema vizuri. Dawa ya buba wakati ule ilikuwa sindano za arseniki au bismuthi, nyingi na kali, na wengi waliziacha kabla ya kumaliza.

Je, na sikio? Mwenyezi Mungu ameunganisha sikio, pua na koo kama vyumba vya nyumba moja. Kuna mrija mwembamba utokao nyuma ya pua na kuingia ndani ya sikio. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala. Kwa hiyo mafua yake hupanda sikioni upesi. Usaha hujaa nyuma ya kiwambo cha sikio, mtoto hulia usiku, kisha kiwambo hupasuka na usaha hutoka. Maumivu hupungua, na mama hudhani mtoto amepona. Lakini usaha ukiendelea, mtoto hupungukiwa na kusikia. Mara nyingine hula mfupa ulio nyuma ya sikio na kuufikia ubongo.

Zamani hata Ulaya watoto walikufa hivyo. Mwaka 1873 mganga wa Ujerumani, Hermann Schwartze, alieleza namna ya kutoboa mfupa huo ili usaha utoke. Wengi waliokolewa, lakini ilikuwa kazi ya nyundo na patasi. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona huko London kwamba kuvu fulani huua vijidudu vya ugonjwa. Akaiita dawa yake penisilini. Mwaka 1941 waganga wa Oxford walimpa askari polisi mmoja dawa hiyo. Alikuwa mahututi, akaanza kupata nafuu, akala chakula. Ndipo dawa ikaisha. Hawakuwa na nyingine, ugonjwa ukarudi, naye akafa.

Tuukumbuke mfano huo. Yule askari hakufa kwa sababu dawa ilishindwa; alikufa kwa sababu ilikatika. Baadaye penisilini ikawa nyingi. Kati ya mwaka 1952 na 1964 watu zaidi ya milioni 50 duniani walitibiwa buba kwa sindano hiyo, mara nyingi sindano moja tu.

Huku kwetu dawa imekatika mara nyingi kwa sababu ya vita. Tarehe 3 Novemba 1964 Padre Bernardo Longo, aliyewatumikia Wambuti wa Nduye, aliuawa Mambasa. Mwezi wa Juni 2012 Epulu yenyewe ilishambuliwa. Watu waliuawa, na okapi 14 pia, na wenyeji wakakimbilia msituni. Vita hatukuvitaka. Lakini ni nani aikataye dawa nyumbani siku ya tatu, mtoto akianza kucheza? Ni sisi wenyewe.

Basi tufanye hivi. Sikio likitoa usaha, tulikaushe kwa utambi wa kitambaa safi mara kadhaa kwa siku, tumpeleke mtoto kwenye dispensari, na dawa tuimalize. Tusitie mafuta wala maji ya majani, na mtoto asioge mtoni. Nyuma ya sikio kukivimba, ni hospitali siku hiyohiyo. Pua ikitoka damu, mgonjwa akae, ainame mbele, aibane sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuachia. Koo likiuma pamoja na homa, tusilidharau: mafindofindo ya namna nyingine, yasipotibiwa, huleta ugonjwa wa viungo na kuharibu moyo. Tena tusikubali mtoto akatwe kimio kwa sababu ya kikohozi, kama wafanyavyo wengine hata kwa jirani zetu Tanzania. Watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa pepopunda.

Kila tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, askofu na shahidi, twapokea baraka ya koo. Ni desturi njema. Lakini tusome tena Injili ya Marko, sura ya 7. Bwana Yesu alipoletewa kiziwi, alimtenga na watu, akatia vidole masikioni mwake, ndipo akasema "Effata." Alimgusa kwanza. Na yule kiziwi hakuja mwenyewe. Waliomleta ni wenzake. Mtoto mwenye sikio bovu naye hawezi kujipeleka. Leo jioni, kabla ya sala ya usiku, tumwite mtoto karibu na taa, tulitazame sikio lake. Na kesho asubuhi, tukiona usaha, tumpeleke.