Kusomea Usanifu wa Mabango Kitale na Bungoma

Wazazi wa Pwani huniuliza: kijana akenda bara, Kitale au Bungoma, kusomea usanifu wa michoro, atakula nini? Huwajibu: mabango.

Kitale ni mji wa wakulima wa mahindi. Bungoma iko kwenye njia ya malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Malaba. Duka la mbegu, shule, hoteli na matatu, vyote vyahitaji jina lisomeke kwa mbali. Zamani fundi alichora kwa brashi. Leo bango huchapwa kwenye turubai la plastiki au stika.

Lakini kujua kompyuta pekee si ufundi. Msanifu hupima, huchagua herufi na hupanga nafasi. Hujua kuwa rangi ya kioo cha kompyuta ni mwanga na ya bango ni wino, hazilingani. Picha ndogo ya simu ikikuzwa huvunjika. Nembo huchorwa kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika.

Kwa kawaida cheti cha ufundi hutaka D ya KCSE, diploma C-, shahada C+. Kitale pana chuo cha taifa cha ufundi; Bungoma pana Sang'alo na Chuo Kikuu cha Kibabii. Uliza kwanza kama somo hili lafunzwa. Chuo cha ufundi kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya 2013. Kisha ingia karakana. Ukikuta kompyuta tu, hakuna mashine ya kuchapa wala ya kukata stika, mzazi mwenzangu, rudi na karo yako.